Hitaji la Moyoni na Kombe la Ulaya

Jamani, habari hii siisimulii kwa raha. Naisimulia kwa sababu nikinyamaza mimi, wapo watu wa Bertrams wataisimulia, na wao wanatia chumvi mpaka haifai (eti niligaragara madhabahuni, eti nilipuliza vuvuzela katikati ya sala, uongo mtupu, vuvuzela niliiacha nyumbani). Kwa hiyo bora muisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika, mcheke mara moja, yaishe.

Naitwa Bosco. Ni Mrundi, ila nimekulia kambini kule Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu kina maringo kidogo. Hapa Johannesburg nauza chaja na kava za simu, nimetandaza meza yangu kando ya barabara pale Marshalltown, na enzi hizo nilikuwa nimepanga chumba Bertrams kwa Mzee Salvator, fundi cherehani, mtu wa heshima zake, ambaye kwangu alikuwa kama baba maana baba yangu mzazi hata sura yake siikumbuki. Mzee Salvator alikuwa na dosari moja tu, nayo ni kubwa: katika mpira alikuwa upande wa wapinzani. Timu yangu siitaji jina, maana najua humu ndani mpo wenye wivu. Jueni tu kwamba ni timu ya Ulaya, nimeipenda tangu kambini, tulipokuwa tunachanga ili tuangalie mechi kwenye televisheni ndogo ya chogo, na imenitesa miaka yote hiyo bila kunipa hata soksi.

Mwaka ule, vuvuzela za Kombe la Dunia bado zikiwa juu ya makabati ya watu zinakula vumbi, timu yangu ikafika fainali ya Ulaya. Na fainali yenyewe dhidi ya timu ya Mzee Salvator. Nyumba yetu ikawa haikaliki.

Sasa kulikuwa na Aline. Aline aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu na alifanya kazi ya kulea watoto kwenye chekechea moja huko mtaa wa Observatory, na kila Jumapili nilimsindikiza mpaka karibu na geti la kwao, si getini kabisa, karibu. Baba yake alikuwa mwalimu kule Burundi, mtu wa maneno machache, na mama yake ndiye kiongozi wa kina mama wa maombi. Kila mtu alijua nampenda. Aline mwenyewe alijua. Lakini mwaka wa pili ule nilikuwa namwambia "subiri kidogo mambo yakae sawa," na mambo ya Joburg, kusema ukweli, hayajawahi kukaa sawa kwa mtu yeyote ninayemjua. Nilikuwa naogopa. Mimi muuza chaja, karatasi zangu za ukimbizi zenyewe ni za kuhuisha kila mara, naanzaje kumwambia mwalimu nimekuja kuchukua binti?

Basi, kosa langu lilianzia Jumapili ya kabla ya fainali, na lilikuwa dogo, tena dogo sana. Kanisani kwetu kuna utaratibu: ukifika wakati wa maombi, mwenye shida anasimama anaitaja, na kama ni ya siri anasema tu "nina hitaji la moyoni," na hakuna anayemuuliza, watu wanamwombea hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa pale roho inadunda kwa ajili ya Jumamosi. Kusimama niseme "wapendwa, niombeeni timu yangu" niliona aibu. Kunyamaza nako roho ikakataa, nikajiambia, Bosco, maombi ya watu wote hawa yanaweza kuokoa hata penalti. Nikasimama.

"Wapendwa," nikasema, "nina hitaji la moyoni. Ni la Jumamosi hii, jioni. Nimelisubiri miaka mingi mno. Mungu akinijalia, Jumapili ijayo nitaingia hapa nikirukaruka."

Kanisa likaitikia "Amina!" na nikamwona Mama Aline akiniangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni, halafu akatabasamu. Nikasema moyoni, mama wa watu ananipenda huyu, heri yangu.

Katikati ya wiki nikaongeza kosa la pili. Mechi nilipanga kuiangalia kwenye mgahawa wa Mkongo mmoja mwenye skrini kubwa, na mgahawa huo (mnaona balaa linavyojipanga) unatazamana na nyumba ya kina Aline, barabara tu katikati. Sasa pale bia zinauzwa, na nyumbani kwa kina Aline mpira wenyewe unaitwa mambo ya dunia, sembuse bia. Aline alijua napenda mpira kama wanaume wengine wanavyoupenda, hakujua kwamba mimi ni mgonjwa. Nikampigia simu ili nijue kama nipite mlango wa mbele au uchochoroni.

"Aline, Jumamosi jioni mama na baba watakuwepo nyumbani?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Watakuwepo," akasema taratibu. "Kwa nini?"

"Basi tu. Utajua Jumapili."

 Halafu kwa sauti ndogo sana akauliza, "Kwa hiyo Bosco, nisuke nywele?"

Nami, kwa akili zangu hizi mnazoziona, nikamjibu, "Suka, kwa nini usisuke?"

Jumamosi nikafunga meza mapema, nikanyoa, nikavaa jezi, nikazima simu. Simu lazima izimwe, huo ni mwiko wangu, mara ya mwisho iliita tukafungwa hapo hapo. Nikapita uchochoroni. Mzee Salvator naye alikuwepo na soda yake na kofia yake ya Jumapili, tukasalimiana kama watu wanaodaiana shamba. Mechi sitawachosha nayo. Ilikwenda mpaka penalti, nikapiga magoti nikageukia ukutani nikawa nasikiliza tu, na ile ya mwisho ilipoingia sijui nilifanya nini, nakumbuka nimepanda meza, nakumbuka nimembusu Mkongo mwenye mgahawa kwenye upara, nakumbuka tumetoka mpaka barabarani tunapiga kelele na magari yanapiga honi pale kwenye roboti, yaani taa za barabarani, na mwisho nikamvisha Mzee Salvator skafu yangu shingoni nikamwambia, "Pole baba, uzee dawa." Akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti, akaondoka bila kuniaga. Nikalala na jezi.

Asubuhi Mzee Salvator hakuniamsha kama kawaida yake, nikajua kanuna. Nikavaa suti juu ya jezi, nikafunga vifungo vyote, nikatoka mbio. Simu hata sikuikumbuka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Naingia kanisani, sifa zinaendelea, mtu mmoja anageuka, wa pili anageuka, ngoma inanyamaza, na mara Mama Aline anapiga kelele, "Yu mzima! Bwana asifiwe, yu mzima!" Kina mama wote wakanijia. Wakanikumbatia, wakanishika mikono, mmoja akalia begani kwangu, Mama Aline akanipapasa kichwa chote kama anatafuta kidonda. Vigelegele! Kule kwenye kwaya namwona Aline analia huku anacheka, nywele kasuka, kapendeza huyo, mpaka nikasahau nimesimama wapi. Nami, Mungu anisamehe, nilifikiri nini? Nilifikiri, kumbe kanisa zima ni la timu yangu! Miaka yote hii tunakaa benchi moja na hatuambiani!

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakushangilia. Mzee Salvator, aliyefika dakika chache tu kabla yangu, kakaa nyuma kabisa, kashika kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ananifanyia ishara kwenye kifua chake, usifungue koti, usifungue koti. Nikajisemea, amefungwa bado anasumbua.

Mchungaji wetu, Mkongo wa Bukavu, akanyanyua maiki. "Ndugu yetu aliomba maombi hapa, na tuliomba, na leo tunamuona na macho! Ndugu Bosco, kuya hapa mbele, toa ushuhuda, utukufu umurudilie Mungu!"

Nikaenda. Si kwenda, nilirukaruka, kama nilivyoahidi. Nikashika maiki nikasema, "Wapendwa, Mungu ni mwema!"

"Kila wakati!"

"Jana nimeteseka. Ilifika mahali nikapiga magoti nikageukia ukutani, sikuweza hata kutazama."

"Yesu!" wakalia kina mama.

"Lakini mlikuwa mnaniombea, na maombi yenu yamefika! Wapendwa, kombe ni letu!" Nikafungua koti, nikalitanua huku na huku, jezi yote ikaonekana.

Mtoto mmoja wa Shule ya Jumapili alipiga makofi, mama yake akamshika mikono. Baada ya hapo nilisikia jokofu la spaza, kile kiduka cha jirani, likinguruma.

Mama Aline ndiye aliyesimama. Hakupaza sauti, na nilitamani angepaza.

"Kombe gani, mwanangu?"

"La Ulaya, Mama," nikasema, na maiki ikalirudia neno hilo mpaka kwenye kona za ukumbi.

"La Ulaya." Akageuka akawaangalia wenzake. "Sisi kina mama tumefunga wiki nzima. Jana nimepika toka asubuhi. Zile ndagala, dagaa za ziwani nilizoletewa kutoka Bujumbura, ambazo hata mume wangu hajui nazificha wapi, nimezitoa. Wajomba zake Aline wamekuja kutoka Pretoria kukusubiri wewe na wazee wako. Ulimuuliza mtoto kama tutakuwepo. Ukamwambia asuke nywele. Tukakaa. Tukapiga simu, haipatikani. Tukasema ameporwa, tukasema amekamatwa na polisi, tukasema amekufa. Tukapiga magoti mpaka asubuhi tunakulilia. Ulikuwa wapi?"

Nilitafuta uongo, nawaapia, nilitafuta haraka haraka, sikuupata.

"Ng'ambo ya barabara, Mama."

Ndipo Baba Aline, ambaye sijawahi kumsikia akisema kitu kanisani, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Zile kelele tulizisikia. Nilifunga dirisha ili tuweze kukuombea vizuri."

Kuna watu walicheka, siwezi kuwalaumu. Mchungaji alifunika mdomo kwa Biblia na mabega yake yakawa yanatetemeka. Lakini Aline hakucheka. Alivua joho la kwaya, akalikunja, akampa mwenzake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Nikabaki pale mbele na koti wazi, nikitamani ardhi ipasuke, halafu nikaweka maiki chini nikatoka mbio nyuma yake.

Nilimkuta amefika kwenye ukuta wa uwanja wa mpira ulio jirani na kanisa, anatembea haraka. Nikaanza pale pale, Aline nisamehe, Aline sikujua, Aline mimi ni mjinga. Akasimama.

"Eish, Bosco, ujinga wako naujua, siyo huo unaoniliza," akasema. "Unajua nini kinaniuma? Siyo mpira. Kumbe unaweza. Kumbe kitu ukikitaka kweli unaweza kusimama mbele ya kanisa zima ukakiombea. Mimi mwaka wa pili unaniambia subiri. Hata siku moja umesimama ukasema una hitaji la moyoni, ni Aline?"

 Ile aibu ya kanisani ilikuwa ya usoni tu, hii iliingia mpaka tumboni. Nilimpenda yule msichana, na nilikuwa nampoteza pale barabarani nikiwa nimevaa jezi.

"Nikija leo?" nikauliza.

"Leo kuna watu wenye hasira nyumbani," akasema. Akafuta macho. "Lakini wajomba bado wapo mpaka jioni." Akaendelea na safari yake, nami nikasimama nikiyageuza geuza yale maneno mpaka nikayaelewa: hakusema usije.

Sasa kwa desturi yetu Warundi mwanamume haendi kujisemea. Lazima uende na mzee wa kukusemea, wewe unakaa kimya kama mgonjwa aliyeletwa hospitali. Na mzee mimi nilikuwa naye mmoja tu duniani.

Nilimkuta Mzee Salvator ameshavua tai, yuko kwenye cherehani yake, anashona siku ya Jumapili, maana yake kakasirika. Nikapiga magoti mlangoni. Nikamwambia, baba, jana nilikukosea, leo nakuhitaji. Akashona mshono mzima mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Jana ulisema uzee ni nini?"

"Baba, nisamehe."

"Vua hiyo takataka," akasema, "na pita dukani uchukue kreti ya soda. Mikono mitupu siendi."

Alasiri tukaingia kwa kina Aline. Sebuleni baba yake, mama yake, wajomba wawili wakubwa kama milango. Aline jikoni, simwoni. Mzee Salvator akavua kofia, akawasalimia mmoja mmoja, akakaa, akakohoa. Nami nikainama nikitazama kapeti, kreti iko miguuni.

"Ndugu zangu," akaanza, "jana mlitusubiri. Hatukuja. Sina la kuwatetea, na mkitufukuza tutaondoka na soda zetu. Lakini huyu kijana ninaishi naye nyumba moja, acheni niwaambie ninachokijua. Anaipenda timu moja. Timu mbovu, mimi nawaambia, jana wamebahatisha tu." (Hapo nilitaka kusema kitu, nikajizuia, na huo ndio ushujaa mkubwa kuliko wote niliowahi kuufanya.) "Tangu akiwa mtoto kambini timu hiyo inamliza. Inafungwa, hali chakula. Watu wanamcheka, anavaa jezi yake anatoka nayo. Wenzake wote wamehamia timu zinazoshinda, yeye yuko pale pale. Haijui hata jina lake. Sasa mimi nauliza, mtu asiyeweza kuiacha timu isiyomjua, mke anayempikia na kumzalia atamwachaje?"

Mjomba mmoja akacheka puani. Mama Aline akajitahidi kuukaza uso, ukamshinda kidogo kwenye pembe za mdomo. Akasimama, akaenda jikoni, akarudi na sinia. Wali wa jana. Maharage ya jana. Sombe (yaani kisamvu) ya jana, na zile ndagala zenyewe.

"Chakula cha wageni wa jana," akasema, akaniwekea mimi, "kinaliwa na wageni wa jana. Chote."

Nikala. Jamani, sinia ilikuwa ya watu sita. Nilikula kiporo kile mbele ya macho ya watu wote, nasikia kijiko changu tu, na nilipofika katikati nikahisi suruali inaniaga. Lakini nilimaliza, nikakwangua, na ndagala nikazisifu kwa dhati maana zilikuwa nzuri hata za jana.

 Mzee Salvator alipofungua tena mdomo kunisemea, Baba Aline akamnyanyulia mkono.

"Mzee mwenzangu, umesema vizuri. Desturi naijua, mwenye shida hajisemei. Ila huyu jana alijisemea barabarani mpaka nikafunga dirisha." Akanigeukia. "Kijana, unataka nini nyumbani kwangu?"

Hapo ndipo nilipokuwa napaogopa miaka miwili. Nilikuwa nimepanga kwamba siku hiyo ikifika nitakuwa na duka, nina karatasi za kudumu, nina viatu vipya. Nilikuwa na tumbo lililojaa kiporo. Nikasimama.

"Namtaka Aline, Baba."

"Sikusikii."

"Namtaka Aline!" Nikapiga kelele mpaka mjomba akashtuka, mbwa wa jirani akabweka, na jikoni mfuniko wa sufuria ukaanguka chini ukazunguka, ukazunguka, ukatulia.

Baba yake akaangalia upande wa jikoni. "Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, Baba," Aline akajibu, na sauti yake ilikuwa inacheka.

Sitawadanganya kwamba mambo yaliisha siku ile. Tulipangiwa siku ya kurudi kwa utaratibu unaotakiwa, na Mama Aline alisema siku hiyo itakuwa Jumatano, bila kujua kwamba nayo ina mechi, nami nikanyamaza kimya. Kanisani walinicheka miezi na miezi. Hata leo nikisimama kwenye maombi, mchungaji ananiuliza kwanza kama ligi imeanza.

Lakini nimejifunza kitu na nawaachia bure. Nilikuwa najiuliza kwa nini timu niliweza kuipenda kwa kelele na Aline nikampenda kwa kunong'ona, na jibu ni kwamba timu haiwezi kukukataa. Unaipigia kelele, haikusikii, umemaliza, unarudi kulala. Mtu anaweza kukwambia hapana. Kwa hiyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu: sitaficha tena hitaji langu moyoni nikawaachia watu walibahatishe. Nikimtaka mtu nitamwendea mwenyewe nimwambie, sauti itetemeke, haidhuru, na simu itakuwa imewashwa.